Kunakili Ombi Lingali Hai

Operesheni ya upande mmoja imo katika WSDL 1.1, lugha ya kueleza huduma za wavuti iliyo katika waraka wa W3C wa mwaka 2001: mteja anatuma ujumbe, hangoji matokeo. Kwenye Java inatosha kuandika @Oneway juu ya metodi isiyorudisha kitu. Seva hujibu 202, kwamba imepokea, bila kuahidi kuwa kazi itafanikiwa, kisha uzi mwingine ndani ya programu unaendelea na kazi.

Ugumu umo hapo kwenye kupokezana. Jibu likishatoka, seva kama Tomcat haikitupi kitu kilichobeba ombi la HTTP. Hukifuta na kukipa ombi linalofuata, kama sahani ya mgahawani inavyooshwa na kupakuliwa mteja mwingine. Uzi wa pili ukikirudia kuuliza ujumbe umetoka wapi, ukibahatika utapata kosa au patupu. Usipobahatika utasoma anwani ya mtu mwingine kabisa, na kumbukumbu za ukaguzi zitamwandika asiyehusika, wala hakuna atakayeshtuka.

Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wa Apache CXF, maktaba ya Java ya kujengea huduma za wavuti. Mwili wa ujumbe ambao bado haujasomwa huvutwa wote na kuhifadhiwa, maana mkondo ule husomwa mara moja tu. Halafu lipo darasa liitwalo HttpServletRequestSnapshot, ambalo kazi yake ni kunakili: aina ya ombi, vichwa, vidakuzi, anwani ya mtumaji, kimoja baada ya kingine. Ukilisoma utalichoka upesi, kwa kuwa halina ujanja wowote. Mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Aliyeliandika alikubali kwamba kushikilia kitu si kuwa nacho, akaketi akahamisha kila taarifa kwa mkono.

Lakini isUserInRole, metodi ya ombi inayohusu nyadhifa, hainakiliki hivyo. Haitoi orodha ya nyadhifa za mtumiaji. Unaitajia wadhifa mmoja, inajibu ndiyo au siyo, na huwezi kujua kesho nani atauliza upi. Fundi makini huuliza mapema. Anaweka intasepta yake, yaani msimbo ambao ujumbe hupitia njiani, kabla ya hatua ya PRE_LOGICAL, ambako CXF huikabidhi kazi kwa uzi mwingine, anauliza wadhifa anaouhitaji ombi lingali hai, na jibu analiweka ndani ya ujumbe wenyewe lisafiri nao.