Kalamu Asiyoishika

Meza ya mwalimu mmoja wa kemia mjini Tanga iko nyuma ya maabara ya shule yake, katika chumba chembamba kilichokuwa stoo ya vifaa. Kuna dirisha moja, rafu ya chupa, harufu ya amonia isiyokwisha, na viti viwili: kimoja chake, kingine cha mwanafunzi. Mezani pana karatasi na kalamu moja tu. Kalamu hiyo hulala upande wa mwanafunzi.

Nimekaa pembeni mwa chumba hicho mara nyingi, kwa ruhusa yao wote wawili, kati ya Agosti na Desemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo vijana wachache wa shule hii ya Tanga hujaza fomu za vyuo vikuu vya Marekani vinavyomkataa karibu kila anayebisha hodi. Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi zaidi ya 54,000 na ikakubali chini ya 2,000. Alama nzuri humfikisha mtu mlangoni, na mlangoni hapo wamejaa wenye alama nzuri. Kinachobaki ni maneno: insha ya mwombaji, orodha ya shughuli zake, na barua za walimu wake. Maneno hayo ndiyo mwalimu huyu ameyafanya kuwa ufundi, kwa subira ambayo nimeizoea kuiona kwa mafundi wa majahazi kuliko kwa watu wa maofisini.

Mwaka juzi nilikuwapo binti mmoja wa mtaa wa Ngamiani alipoleta insha yake ya kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nisomee."

Akasoma. Insha ilisema kwamba tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kuwa daktari ili aitumikie jamii yake. Ikafuata aya nzima juu ya changamoto za Afrika, nyingine juu ya elimu kuwa ufunguo wa maisha, na mwishoni shukrani kwa chuo kwa kumpa fursa ya kuomba. Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja. Nikaitambua mara moja: ilikuwa risala. Sisi Watanzania tumelelewa kwenye risala. Tangu darasa la tatu tunasimama juani kumsomea mgeni rasmi mafanikio yetu, changamoto zetu na maombi yetu, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kutoka pale akimjua mtoto aliyesoma. Risala ina heshima yake, lakini kazi yake ni kulisemea kundi. Msomaji wa udahili ana dakika chache za kumjua mtu mmoja.

Mwalimu hakusema lolote kuhusu insha. Aliacha kimya kikae kidogo, kisha akauliza, "Leo umeamka saa ngapi?"

"Saa tisa, Mwalimu."

"Usiku? Kufanya nini?"

"Vitumbua vya mama. Yeye anakaanga, mimi naangalia rojo kama limeumuka."

"Unaliangaliaje?"

Binti akacheka kwa haya. Akaeleza kwamba mchele huloweshwa mchana, husagwa jioni, huchanganywa na tui, sukari na iliki, na hamira hutiwa kabla ya kulala. Kipupwe kikiingia rojo linachelewa. Wakati wa kaskazi, ukipitiwa na usingizi kidogo tu, unakuta limechacha. Kwa hiyo yeye huandika.

"Unaandika nini?"

"Saa niliyotia hamira, vijiko vingapi, na saa rojo lilipofika kwenye pete ya sufuria."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha pili."

Nakumbuka mwalimu alivyoisogeza karatasi nyeupe, taratibu, mpaka ikagusa vidole vya binti. "Hayo hayo. Andika kama ulivyoniambia. Kwa Kiswahili kwanza."

Hilo la Kiswahili kwanza lilinichukua muda kulielewa. Insha itapelekwa kwa Kiingereza, na sekondari nzima wamesoma kwa Kiingereza, hivyo nilidhani anawapotezea wakati. Lakini Kiingereza cha vijana hawa kimetoka kwenye vitabu vya kiada na mitihani, nacho huja kimevaa suti. Kwa Kiswahili binti aliandika kwamba rojo "limegoma" na kwamba mama yake "alinuna mpaka adhuhuri." Alipoanza kuyatafuta hayo kwa Kiingereza, ilimbidi atafute maneno yenye mwili, maana sasa alikuwa na kitu cha kukitafutia maneno.

Zilipita wiki 6 na rasimu 7. Katika muda wote huo sikuona mkono wa mwalimu ukigusa kalamu. Chombo chake ni kizibo cha mpira, kile cha kuzibia mirija ya majaribio. Mwanafunzi anasoma kwa sauti, na penye sentensi isiyompa picha mwalimu anaweka kizibo juu ya mstari na kusema, "Hapa sioni." Basi. Haelezi namna ya kurekebisha, wala hapendekezi neno. Mwanafunzi atakwaruza kichwa, ataangalia dirishani, na mara nyingi atajibu kwa mdomo kile alichopaswa kuandika. Hapo mwalimu atainua kizibo.

Kwenye rasimu ya tatu kizibo kilitua juu ya maneno "nilirekebisha kiasi cha hamira kulingana na hali ya hewa." Rasimu ya nne ilisema kwamba usiku mmoja wa Julai alitia kijiko kimoja na robo badala ya kimoja, akakuta rojo limefika kwenye pete saa tisa na dakika kumi. Kizibo hakikurudi hapo tena. Kwenye rasimu ya tano kulikuwa na habari ya siku aliyotia vijiko viwili kwa kujiamini, rojo likafurika hadi sakafuni, na mama akaenda barazani na nusu ya biashara. Rasimu ya sita habari hiyo haikuwamo.

"Imekwenda wapi?"

"Nimeona aibu, Mwalimu. Wataniona mzembe."

"Na baada ya kufurika ulifanya nini?"

"Nikaanza kuongeza robo robo, na kuacha siku tatu kabla ya kubadilisha tena."

Mwalimu aliitazama kalamu, naye binti akaichukua. Siku ya sufuria kufurika ikarudi, na ndiyo ikawa moyo wa insha, kwa sababu mtu anayebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha akangoja, ameshaanza kuwa mwanasayansi hata kama hajui.

Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ile ya Common App iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambayo leo ina vyuo zaidi ya 1,000, hairuhusu insha kuu kuzidi maneno 650. Wapo vijana wanaoiona idadi hiyo kama adhabu. Mwalimu huiona kama kipimo cha dawa. Rasimu ya saba ilikuwa na maneno 641. Binti akauliza kama ajaze yale 9 yaliyobaki. "Acha yapumue," akajibu.

Wapo watu wanaouza insha zilizokwisha kuandikwa, na siku hizi zipo programu zinazoziandika kwa sekunde. Naliona jambo hili baya kupita udanganyifu wa kawaida. Kijana wa miaka 18 anayesoma insha kama ile kwa sauti, akagundua kwamba maisha yake ya saa tisa usiku yana uzito wa kusomwa na mtu wa mbali, amepata kitu ambacho hata chuo kikimkataa hakimnyang'anyi. Anayemwandikia anakichukua hicho kabla hajakionja.

Orodha ya shughuli ni ufundi mwingine, mdogo zaidi na mgumu zaidi. Kuna nafasi 10, na maelezo ya kila moja hayapaswi kuzidi herufi 150, nukta na mapengo yakihesabiwa. MIT, yenye fomu yake yenyewe, inataka shughuli 4 tu. Binti alikuwa amejaza mstari mmoja: mwanachama wa klabu ya sayansi. Hajawahi kuwa kiranja, alisema, wala hajawahi kushinda kombe. Hakujua kwamba miongoni mwa aina za shughuli zilizoorodheshwa kwenye fomu yapo majukumu ya familia. Vijana wetu wengi hawajui, na wakiambiwa hawaamini. Wanadhani kazi ya nyumbani haihesabiki kwa kuwa haina cheti. Mwalimu aliwahi kunihesabia kwa vidole wanafunzi waliolea wadogo zao wagonjwa, waliolima, walioshika vitabu vya duka la baba, na wakaacha nafasi zote hizo wazi.

Walikaa jioni nzima na mstari mmoja. Kwa Kiswahili ungesomeka hivi: "Nachanganya rojo, nalipima kila usiku, natunza kumbukumbu za hamira na joto, vitumbua 180 kwa siku, nafunga hesabu za mama kila Jumapili." Hakuna sifa hata moja humo. Kila neno linafanya kazi.

Mengine huyamaliza haraka. Orodha ya vyuo huipanga kwa kuangalia fedha kwanza: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hazimpunguzii mgeni nafasi kwa sababu anaomba msaada wa ada, lakini vyuo vingi vingine huangalia hilo, na mzazi lazima alijue mapema. Wanaoomba Oxford au Cambridge huanza nao mapema zaidi, kwa kuwa tarehe yao ya mwisho ni 15 Oktoba, na huwaambia kwamba huko msomaji anataka kujua unavyolifikiria somo lako. Vitumbua visipogeuka kuwa kemia, havimhusu.

Kuna ukurasa mmoja anaouandika mwenyewe ambao naupenda kama mtu apendavyo mshono mzuri wa ndani ya koti. Ni maelezo ya shule yanayoambatana na matokeo. Afisa wa udahili wa Marekani amezoea kwamba alama kubwa ndiyo bora. Kwetu ni kinyume: kidato cha nne, pointi 7 ndiyo kilele cha daraja la kwanza, kidato cha sita, kilele ni pointi 3. Mtu asiyeambiwa ataiona 7 akadhani ni msiba. Mwalimu hueleza hilo kwa sentensi tatu, kisha anaeleza tahasusi ya PCB ni masomo gani, na kwamba matokeo ya kidato cha sita hutoka baada ya mtihani wa Mei, yaani baada ya majibu ya vyuo. Ameuandika ukurasa huo upya kila mwaka, akitafuta neno la kupunguza.

Halafu barua. Hapa pia kalamu huishika yeye, na huishika peke yake, mwanafunzi akiwa ameshasaini kwamba hatadai kuiona. Barua tulizozizoea husema mwanafunzi ana bidii, nidhamu na heshima. Zinaweza kuwa kweli tupu, na bado zikamfaa kila mtoto wa nchi hii. Yeye huchota kwenye kaunta buku la jalada jekundu ambalo kila Ijumaa huliandikia mistari michache: nani kafanya nini, lini. Alinionyesha mstari mmoja kuhusu yule binti, wa kidato cha tano. Darasa lilikuwa likifanya titresheni, asidi kwenye bureti, sodiamu haidroksaidi kwenye chupa ya chini. Jibu lililotarajiwa lilikuwa sentimita za ujazo 25.0, na karibu wote waliandika namba iliyokaribia hapo. Binti aliandika 23.1. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akanyoosha mkono kusema kwamba kopo la sodiamu haidroksaidi lilikuwa limeachwa wazi, na kwa unyevu huu wa Tanga chembe zake zilifyonza maji kabla ya kupimwa, hivyo myeyusho ni dhaifu kuliko ulivyoandikwa. Alikuwa sahihi, na aliyeliacha kopo wazi alikuwa mwalimu mwenyewe. Hilo pia limo kwenye barua.

Fomu ya mwalimu ina jedwali la kumlinganisha mwanafunzi na wenzake. Safu mbili za mwisho ni asilimia 5 ya juu, na ile ya wachache bora kabisa ambao mwalimu amewahi kukutana nao katika kazi yake, asilimia 1. Jioni ya kuijaza fomu ya binti alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Katika miaka 24 ya kufundisha, safu ya mwisho alikuwa ameitia alama mara moja tu. Aliweka mshale kwenye uhodari wa kitaaluma, akabonyeza asilimia 5. Kwenye ubunifu, asilimia 5. Alipofika kwenye uadilifu akasita, akavuta kaunta buku, akasoma tena ule mstari wa 23.1, akaurudisha mshale kwenye kioo na kuupeleka hadi safu ya mwisho. Akabonyeza. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, na huko Ngamiani mchele ulikuwa unasagwa.