Vanishi Moja, Maana Nne: Uhakiki wa Istilahi za Vifungashio Vilivyopigwa Chapa

Vanishi si neno geni kwa msemaji wa Kiswahili. Seremala huipaka juu ya kitanda na kabati ili mbao zing'ae na zisiingiwe na maji kwa haraka. Neno hili lilipotoka katika karakana ya seremala likaingia katika kiwanda cha kupiga chapa, lilichukua maana yake ya zamani bila ya kuulizwa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jinsi neno hilo, pamoja na maneno yanayoambatana nalo, yalivyotumiwa katika tafsiri ya mwongozo mmoja wa kuchagua vanishi za maboksi ya dawa na vyakula, ambayo ilitufikia ili tuitazame. Mfasiri hatutamtaja, wala kiwanda hatutakitaja, kwa sababu makosa tuliyoyaona si yao peke yao. Hata sisi tumepata kuyafanya.

Kwanza tumpe mfasiri haki yake. Sentensi zake ni fupi na zinasomeka. Ameyaacha maneno kama wino, kadibodi na gundi yalivyo, wala hakujisumbua kuyatafutia mbadala mgumu mahali ambapo mafundi wenyewe wana neno. Upungufu wake umo katika istilahi kuu yenyewe. Katika tafsiri nzima neno vanishi limetumika kwa vitu vinne vilivyo mbalimbali, na anayetaka kuchagua hawezi kuchagua ikiwa vitu vyote vina jina moja.

Kitu cha kwanza ni vanishi ambayo kwa asili yake ni kama wino wa mafuta usiotiwa rangi. Hii hupakwa kwa mtambo ule ule wa chapa, hukauka polepole kwa kuingiwa na oksijeni ya hewa na kwa kunywewa na karatasi, na baada ya muda huweza kugeuka rangi ya manjano. Cha pili ni ile iliyochanganywa na maji. Maji yakitoka kwa joto hubaki ngozi nyembamba isiyo na harufu kali, na kwa sababu hiyo hupendwa kwa maboksi ya vyakula. Cha tatu ni ile ambayo haikauki kwa hewa wala kwa joto, bali hugeuka kuwa ngumu mara moja inapopigwa na mwanga wa urujuanimno. Mng'aro wake ni mkubwa, lakini gundi ya kawaida haishiki vizuri juu yake, na huweza kupasuka penye mikunjo. Cha nne si vanishi kabisa. Ni utando wa plastiki unaobandikwa juu ya karatasi.

Mfasiri amejaribu kuvitofautisha kwa sifa ya kung'aa tu: "vanishi ing'aayo sana", "vanishi ing'aayo kidogo". Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kosa la msingi. Mng'aro ni sura ya nje. Vanishi ya mafuta yaweza kung'aa au ising'ae, na ya maji vivyo hivyo. Afisa ugavi anayeandika katika zabuni "vanishi ing'aayo sana" ameeleza apendacho kuona, lakini hakueleza anachonunua. Twapendekeza basi kwamba jina litangulize namna vanishi inavyokauka, kisha ndipo sifa ya mng'aro ifuate. Lugha imekwisha kutufungulia njia, kwa maana wapaka rangi wa nyumba wamezoea kusema rangi ya mafuta na rangi ya maji. Na tuseme vanishi ya mafuta, vanishi ya maji, na vanishi ya mwanga. Na kile cha nne kiitwe utando wa plastiki, bila ya kuongezewa neno vanishi.

Kuhusu hiyo vanishi ya mwanga, tafsiri inasema kwamba vanishi "hutibiwa" chini ya taa. Hapa mfasiri amefuata neno la Kiingereza ambalo kwao hutumika kwa mgonjwa, kwa nyama iliyotiwa chumvi na kwa saruji vilevile. Katika Kiswahili anayetibiwa ni mwenye maradhi. Tulifikiri juu ya neno kushika, kwa kuwa waashi husema zege limeshika. Lakini katika kazi hii hii gundi nayo hushika, na maneno mawili yangegongana katika sentensi moja. Kukauka nako hakufai, kwani hakuna maji yanayotoka. Neno kuganda twaliona bora. Maziwa yaliyoganda hayarudi kuwa maziwa mabichi, na vanishi iliyopigwa mwanga ukatosha hairudi kuwa majimaji. Tena neno hili laturuhusu kusema jambo la maana sana, yaani vanishi ambayo haijaganda sawasawa.

Jambo hilo si la kupuuzwa. Vanishi na wino wa aina hii hutiwa kemikali za kuanzisha mgando, na mabaki yake huweza kufika katika chakula. Mwezi Novemba 2005, nchini Italia, maziwa ya watoto wachanga yaliondolewa katika maduka baada ya kuonekana mabaki ya kemikali mojawapo ya namna hiyo, iitwayo ITX, iliyotoka katika wino wa paketi. Wataalamu wa Ulaya walisema baadaye kwamba kwa viwango vilivyopatikana hapakuwa na sababu ya kuhofia afya, lakini hawakusema kwamba kemikali hiyo ilistahili kuwamo. Sasa tazama tafsiri yetu: jambo hili limeitwa "uhamiaji". Msomaji atakumbuka pasi na viza kabla ya kukumbuka maziwa ya mtoto. Twapendekeza upenyaji kwa kemikali inayopita ndani ya karatasi yenyewe. Na pale ambapo upande uliochapwa hulaliana na upande wa ndani, karatasi ikiwa imeviringishwa au imepangwa tita, basi isemwe waziwazi kwamba kemikali imehamia kwa kugusana.

Yapo na makosa mengine ambayo ni madogo kwa sura. Vanishi inayopakwa mahali pamoja tu, kama vile juu ya jina la bidhaa, imeitwa "vanishi ya doa". Doa ni uchafu au aibu, na hakuna mwenye bidhaa atakayelipa fedha ili boksi lake litiwe doa. Vanishi ya sehemu yatosha. Tena vanishi isiyong'aa imeitwa "iliyofifia". Kitu kilichofifia kilikuwa na rangi kikaipoteza. Mnunuzi hudhani kimekaa dukani miaka mingi. Ilhali vanishi isiyong'aa ina faida yake kwa boksi la dawa, kwani haimrudishii msomaji mwanga wa taa machoni, na maandishi madogo husomeka kwa urahisi zaidi.

Lakini sentensi iliyotushtua kuliko zote haina istilahi ngumu hata moja. Imeandikwa: "Acha vanishi kwenye sehemu ya gundi na sehemu ya tarehe." Mfasiri alikusudia kwamba sehemu hizo zisipakwe. Fundi naye, akiisoma kwa nia njema kabisa, aweza kufahamu kwamba vanishi ibaki hapo. Kuacha katika lugha yetu ni kutofanya, na pia ni kubakiza. Kwa fahamu ya pili, gundi haitashika na boksi litafunguka. Na wino wa tarehe ya mwisho wa kutumia utakaa juu ya vanishi na kufutika kwa kidole. Mgonjwa atabaki na boksi zuri, ling'aalo, lisilo na tarehe. Ingetosha kuandika: "Usipake vanishi."

Kwa hiyo twawaomba wafasiri, kabla ya kutafuta neno, wamwendee mpiga chapa wamwulize kitu hicho hufanya nini na hukauka vipi. Walimu wa ufundi wawafundishe vijana majina yatokanayo na kazi, si na sura. Maafisa wa serikali waandikao zabuni wataje aina ya vanishi, mng'aro wake, na sehemu zisizopakwa, kwa maneno yasiyo na fahamu mbili. Mapendekezo yetu si sheria. Mwenye neno bora kuliko kuganda au upenyaji na atuletee, nasi tutalipima kwa kipimo kile kile: je, fundi aliye mbele ya mtambo atalifahamu bila ya kumwuliza mtu?