Kibaba Kilichorefusha Maisha ya Mbwa

Mbwa mkubwa akianza kuinuka kwa taabu asubuhi, mwenyewe hukimbilia kumwongezea kitu. Mmoja atatia manjano kwenye chakula, mwingine atanunua unga wa kalisi katika duka la dawa za mifugo, mwingine ataambiwa na jirani ajaribu kitunguu saumu. Ni wachache wanaouliza wampunguzie nini. Lipo jaribio la Marekani lililouliza swali hilo na kulifuatilia kwa miaka 14, na inafaa tulichambue jinsi lilivyofanywa, kwa sababu uzito wa jibu lake umo katika mpangilio wake.

Lilianza mwaka 1987. Kealy na wenzake, watafiti wa kampuni ya chakula cha mifugo ya Ralston Purina, walichukua watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador Retriever kutoka mizao saba. Waliwapanga jozi 24: ndugu wa tumbo moja, jinsia moja, uzito unaokaribiana. Kasoro ya nyonga, ile hali ya kichwa cha mfupa wa paja kutokaa sawasawa katika kikombe chake, hurithiwa. Ukilinganisha mbwa wa koo mbili tofauti, hutajua kama tofauti unayoiona imetoka kwenye sahani au kwenye damu. Ukilinganisha ndugu, sehemu kubwa ya utata huo inaondoka.

Walipotimiza wiki nane, kipimo kilianza. Katika kila jozi, mmoja aliachiwa ale mpaka atosheke. Mwenzake alipewa asilimia 75 ya kile ambacho ndugu yake alikuwa amekula. Chakula kilikuwa kilekile kabisa. Kilichotofautiana ni kiasi tu.

Watafiti waliona kwamba kundi la kwanza likiendelea hivyo litanenepa kupita kiasi, na hapo jaribio lingekuwa linalinganisha mbwa wa kawaida na mbwa wagonjwa wa unene. Kwa hiyo mbwa walipofikisha miaka mitatu na robo, kundi hilo liliwekewa kikomo: kilokalori 62.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito unaomfaa mbwa. Mbwa anayepaswa kuwa na kilo 30 angepata takribani kilokalori 1,860, na ndugu yake angepata robo tatu ya hizo, kama 1,400. Maana yake ni kwamba kundi la "walioshiba" halikuwa la mbwa wanaoburuta tumbo. Katika mizani ya umbo inayokwenda kutoka 1 hadi 9, wastani wao ulikuwa 6.7, na wa ndugu zao 4.6. Mbwa wa 6.7 ndiye yule ambaye mgeni akiingia uani humsifia mwenye nyumba kwamba anatunza.

Matokeo yalianza kuonekana mapema. Katika umri wa miaka miwili, picha za eksirei zilionyesha kasoro ya nyonga kwa mbwa 16 kati ya 24 walioshiba, na 7 tu kati ya ndugu zao 24. Urithi ni mmoja, lakini kwa wengi ulijitokeza pale mwili ulipobebeshwa uzito kabla mifupa haijakomaa. Baadaye nusu ya walioshiba walihitaji matibabu ya viungo vilivyochakaa kufikia umri wa miaka 10.3, ndugu zao walifika 13.3. Hatimaye nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamekufa walipofikia miaka 11.2, na nusu ya kundi la pili walipofikia miaka 13. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Karibu miaka miwili ya uhai, na bei yake ni kupunguza chakula.

Hili lilikuwa jaribio la aina moja ya mbwa, wanaoishi chini ya uangalizi wa wataalamu. Tena chakula chao kilikuwa kimekamilika: hata ukiondoa robo yake, protini na madini yaliyobaki yalitosha. Huku kwetu mbwa wengi wa ulinzi wanalishwa ugali na mabaki ya mezani. Ukikata robo ya ugali ambao tayari una upungufu, umekata na kile kidogo cha kujenga misuli. Mbwa wa namna hiyo apunguziwe ugali na aongezewe nyama, dagaa au mayai, ili jumla ishuke na ubora upande.

Tukirudi kwenye zile dawa za nyumbani, haziko sawa. Mafuta ya samaki yana ushahidi mzuri wa kupunguza maumivu ya viungo, nami nayaunga mkono. Manjano hayanyonywi vizuri na utumbo, kwa hiyo usiyategemee. Kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viache kabisa. Hatari ninayoihofia zaidi ni kalisi kwa mtoto wa mbwa mkubwa. Hazewinkel na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watoto wa Great Dane waliozidishiwa kalisi walikua na mifupa yenye kasoro, kwa sababu utumbo wao mchanga hauwezi kuikataa ile iliyozidi. Unga unaonunuliwa kwa mapenzi unaweza kumpindisha miguu.

Hakuna dawa yoyote kati ya hizi inayoondoa kilo mgongoni mwa mbwa. Kinachoziondoa ni kibaba: chombo kimoja, kisichobadilika, kinachojazwa na mtu mmoja anayejua kilichotiwa asubuhi.

Na kipimo cha kibaba ni mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi, upitishe vidole juu ya vifundo vyake: mbavu za mbwa wako zikihisiwa hivyo, amekonda. Kunjua kiganja, ukiguse pale chini ya kidole gumba penye nyama: zikihisiwa hivyo, amezidi. Geuza mkono, upapase mgongo wake penye vifupa vinavyoelekea vidoleni. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuhisiwa.

Nina jike la German Shepherd wa miaka tisa. Kila Jumamosi kabla sijachota chakula chake nampapasa mbavu, naye husimama kimya akinitazama. Wiki mbavu zinapozama, kibaba kinapungua vidole viwili. Hajafurahia hata mara moja, lakini leo asubuhi alipanda ngazi za baraza bila kusita.