Kugeuza Namba, au Kuiandika?

Husemwa kwamba lugha ya Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, "hugeuza" namba. Neno hilo lapotosha. Idadi ya 13 ikiandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, huwa 1101, yaani 8 na 4 na 1. Kilichogeuka ni maandishi, si idadi. Kama vile neno "maji" ni lile lile, liandikwe kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi. Python yenyewe yashuhudia: amri bin(13) hutoa maandishi '0b1101', wala si namba, mwanafunzi akiyajumlisha na 1 hupata kosa. Nayo int('1101', 2) huyasoma maandishi, ikatoa 13. Basi heri tufundishe "kuandika" na "kusoma", "kugeuza" tukuache.