Kengele ya Geti Haina Safari ya Ulaya

Mtu akibonyeza kengele ya geti hapa Tinde, na mwenye nyumba amekaa sebuleni hatua ishirini tu kutoka hapo, taarifa ya "kuna mgeni" inapaswa kusafiri umbali gani? Kwa nyingi ya kengele za kisasa zenye kamera, zile zinazotuma taarifa kwenye simu, jibu linachekesha. Taarifa inatoka getini, inaingia kwenye ruta, inavuka bahari kwa mkongo hadi seva ya kampuni, inakabidhiwa kwa seva za Google au Apple, halafu inarudi Tinde kwenye simu iliyo ndani ya nyumba ileile. Sina ugomvi na kengele kuongea na simu. Ugomvi wangu ni na hiyo njia.

Tuwe wakweli kwanza: hitaji lenyewe lipo. Pale njia panda malori ya Isaka na Kahama na mabasi ya Shinyanga na Mwanza yananguruma hata usiku wa manane. Nyumba imezungushiwa ukuta, geti ni la chuma, hodi inamezwa na injini. Na anayegonga saa nane usiku mara nyingi hakuja kunywa chai. Anaweza kuwa mama mwenye mtoto wa degedege anayemtafuta nesi anayeishi humo, au anayemwamsha mwenye duka la dawa. Simu inayolia kando ya kitanda ina kazi ya maana hapo, na ndiyo maana kengele isiyolia si jambo la kuchukulia poa.

Wanaozisema vibaya kengele hizi hudai zinachelewa. Nadhani wamelenga pembeni. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Ulaya na kurudi ni sehemu ya sekunde tu, mambo yakiwa sawa. Shida iko kwenye hayo maneno matatu ya mwisho. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Sasa fikiria: waya umekatika chini ya bahari, na matokeo yake mtu aliye sebuleni Tinde anaweza asijue kuna mgonjwa getini kwake. Wala huhitaji kusubiri ajali kubwa hivyo. Bando likiisha saa sita usiku, matokeo ni yaleyale.

Halafu kuna suala la nani mwingine anaona. Ring, kengele maarufu kuliko zote Marekani, ilianza 2013 kwa jina la Doorbot, ikanunuliwa na Amazon 2018. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani ilisema wafanyakazi wa kampuni hiyo waliweza kufungua video za faragha za wateja. Kesi ikamalizwa kwa dola milioni 5.8. Huku kwetu hatari iko karibu zaidi. Kengele inataka akaunti, mwenye nyumba hana barua pepe au amesahau nywila, fundi anasema "usijali, nitatumia yangu". Kuanzia hapo fundi ana dirisha la kuchungulia geti lako, na wapangaji wanaoingia na kutoka hawajaulizwa lolote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna sheria ya fizikia inayolazimisha haya yote. Watu wengi hudhani Wi-Fi ndiyo intaneti. Siyo. Ruta isiyo na laini, isiyo na hata shilingi ya bando, bado ni mtandao kamili kwa vifaa vilivyo ndani ya uzio. Kitufe kilichounganishwa na chipu ndogo kama ESP8266 kinaweza kutuma ujumbe moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani, nayo ikaupeleka kwenye simu. Itifaki inayopendwa kwa kazi hiyo, MQTT, ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, yaani ilizaliwa mahali ambapo mawasiliano ni ghali na yanakatika ovyo. Inafanya kazi kama karani wa stendi: kengele inampa taarifa, yeye anawafikishia wote waliojiandikisha. Kampuni zingeweza kujaribu njia hii ya ndani kwanza, kisha zitumie ya nje pale tu mwenye nyumba anapokuwa shamba au Mwanza. Lakini anayeuza huduma ya kulipia kila mwezi ya kuhifadhi video hana haraka ya kukuonyesha njia isiyopita kwake.

Nisiipambe njia ya ndani kupita kiasi, maana wanaoifundisha mtandaoni hupenda kuishia pale taa inapowaka mezani. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala bila kuguswa huzibana programu zisitumie mtandao, na baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu yake. Kwa hiyo kengele inalia vizuri mchana ukiijaribu, usiku inakaa kimya. Lazima uitoe programu kwenye orodha ya kubana betri, na uiache ikae wazi muda wote. Tena simu ikigundua Wi-Fi haina intaneti huweza kuikimbia na kurudi kwenye laini. Inabidi uiambie ibaki. Kwa iPhone ni kugumu zaidi: Apple ilifungua mlango wa arifa za mtandao wa ndani kwenye iOS 14 mwaka 2020, ila mtengenezaji wa programu lazima aombe kibali maalumu.

Geti nalo lina maneno yake. Wi-Fi ya 2.4 GHz ina mawimbi ya urefu wa kama sentimita 12, na bamba la chuma huyarudisha. Ukifunga kitufe nyuma ya bamba hilo utalaumu programu bure; kiweke kwenye nguzo ya tofali. Umeme ukikatika, ruta inazimika na kengele inakufa nayo. Ruta ya kawaida ya volti 12 inayokula wati 10 hivi itakaa saa nne au zaidi kwa betri nzima ya volti 12, 7Ah, na hiyo ni gharama ya kuiweka kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kama huhitaji simu kabisa, kengele ya redio ya betri isiyo na akaunti inamtosha mtu mwenye nyumba ndogo. Kama unaitaka ya simu, ukifika dukani mwombe muuzaji achomoe laini kwenye ruta na kuiacha Wi-Fi ikiwaka, aiunganishe simu na Wi-Fi hiyo na kuzima data, kisha bonyeza kitufe. Simu isipolia, mrudishie boksi lake.