Mgeni Njoo, Paka Apone

Riwaya ya Hiro Arikawa inayojulikana kwa Kiingereza kama The Travelling Cat Chronicles ina kisa kinachoenea katika sentensi moja: kijana wa Kijapani anazunguka nchi na gari lake akimtafutia paka wake mtu wa kumchukua. Ilitoka Japani mwaka 2012, baadaye Philip Gabriel akaitafsiri kwa Kiingereza, na imewaliza watu wengi, nami nikiwamo. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili sikulia, na hapo ndipo nilipoanza kuidai majibu.

Kijana anaitwa Satoru. Paka ni Nana, dume wa mtaani aliyezoea kulala juu ya boneti ya gari la Satoru hadi siku alipogongwa barabarani. Satoru akamuuguza, akabaki naye miaka mitano. Mkia wa paka huyo umepinda kama tarakimu 7, ambayo Wajapani huiita nana, basi jina likawa hilo. Sasa Satoru hawezi kuendelea kumtunza. Sababu haisemi, ingawa msomaji makini ataihisi mapema. Anawasiliana na marafiki wa zamani, mmoja mmoja, na kila mmoja anamwambia mlete. Sehemu nzuri ya hadithi anaisimulia Nana mwenyewe, kwa majivuno ya paka anayejua kwamba binadamu ni viumbe wa kuvumiliwa tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui riwaya nyingine inayoifuata methali hiyo kwa uaminifu kiasi hiki. Kosuke, rafiki wa utotoni, ameachwa na mkewe. Sugi na mkewe Chikako wana nyumba ya wageni, na Sugi bado anaona wivu ulioanza wakiwa shule. Satoru anafika, wanakula, wanakumbushana ya zamani, na kabla hajaondoka mwenyeji ameona kidonda chake na kuanza kupona. Kisha gari linawashwa. Mgeni anaondoka. Na paka, ambaye ndiye aliyeletwa abaki, anaondoka naye.

Hapo ndipo ninapogombana na Arikawa. Kosuke anaelekezwa atafute paka mwingine, wake na mkewe. Kwa Sugi, mbwa wa nyumba anagombana na Nana. Kila mara kunatokea kikwazo, na kila mara Satoru anapumua kama mtu aliyeponea chupuchupu. Riwaya inahusu kutafuta nyumba, lakini imejengwa kwa namna ambayo nyumba isipatikane, kwa sababu ikipatikana hadithi itakufa. Mwishoni (samahani kwa wasioisoma) anayekufa ni Satoru, na Nana anabaki kwa Noriko, mama mdogo aliyemlea Satoru baada ya wazazi wake kufariki katika ajali. Kwa hiyo kutengana kumefanywa na kifo, na aliyempokea paka ni ndugu. Swali gumu limekwepwa: mtu aliye hai anampaje mgeni paka wake, akarudi nyumbani, akaosha kile kibakuli, na kuendelea kuishi?

Ninauliza kwa sababu nimeliona swali hilo likiwa na sura ya mtu. Mwaka jana bibi yangu alihamishiwa kwa mjomba mjini kwa sababu ya macho, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mnyama wa aina yoyote. Paka wake alikuwa na miaka tisa. Kazi ya kumwandikia tangazo la kusambaza WhatsApp nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma fasihi chuo kikuu na hatimaye ukoo ulikuwa umepata matumizi yangu. Majibu yalifanana. Hamna mtoto wa paka? Mbona mkubwa hivyo? Anakamata panya? Mtu mmoja aliuliza kama ana kasoro gani hadi tunamtoa. Jirani wa zamani wa bibi alimchukua hatimaye, bila kusoma tangazo. Na bibi, kila nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, alikuwa na neno moja kabla ya mengine: anakula?

Neno hilo halimo katika riwaya ya Arikawa. Satoru hakuachiwa muda wa kuuliza.

Tangazo la paka mkubwa ni utanzu mdogo wa fasihi wenye kanuni zake, na vituo vya kuwahifadhi paka huko Ulaya na Marekani vimeukomaza kuliko sisi. Paka huandikiwa kwa nafsi ya kwanza: mimi ni mpole, nimechanjwa, nimefungwa kizazi, napenda kulala dirishani, natafuta nyumba yangu ya milele. Ucheshi huo una kazi. Paka mkubwa anashindana na watoto wa paka, ambao hawahitaji sentensi hata moja, picha inatosha. Mtoto wa paka huchukuliwa kama mtu asiye na historia. Mkubwa ana mazoea, na mazoea yana taabu: ana saa yake ya kula, ana mtu anayemngoja mlangoni, na akifika nyumba ngeni anaweza kujificha chini ya kitanda siku kadhaa. Tangazo hujaribu kuifuta historia hiyo au kuipaka sukari. Nana anafanya kinyume. Anasema wazi anachopenda na asichopenda, anapima kila nyumba anayopelekwa, na Satoru anapolazwa hospitali anatoroka kwa Noriko na kwenda kuishi nje, karibu na hospitali, kama paka wa mtaani alivyokuwa zamani. Hilo ndilo jambo kubwa la riwaya hii, na nalisifu bila kinyongo: paka mtu mzima ana mapenzi yake na uamuzi wake, hapewi mtu kama kiti.

Lakini jibu la swali langu nililipata kwa Truman Capote, katika Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1958. Holly Golightly ana paka asiye na jina, kwa madai kwamba hawamilikiani. Akielekea kuondoka New York, anamshusha kutoka kwenye gari katika mtaa asioujua, kisha anajuta na kurudi kumtafuta, wala hamwoni. Anaondoka. Msimulizi anaahidi kumtafuta, na baada ya wiki kadhaa anamkuta: amekaa kwenye dirisha la chumba kinachoonekana kuwa na joto, kati ya maua ya vyungu. Msimulizi ana hakika kwamba sasa ana jina. Basi. Filamu ya mwaka 1961 haikuweza kuvumilia jambo hilo. Humo Holly anampata paka kwenye mvua, wapendanao wanakumbatiana, na paka amebanwa katikati yao.

Capote amefanya kwa aya moja jambo ambalo Arikawa hakulifanya kwa riwaya nzima. Paka amepata nyumba, na aliyemwacha hatajua. Nyumba hiyo hakumpa yeye. Hakuna anayeponywa na jambo hilo isipokuwa paka, na wala hatuambiwi kwamba paka anamkumbuka mtu.

Sisi tuliokulia pwani tulifundishwa madrasa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Utotoni kilichonishika ni moto. Sasa ninaona kipimo chenyewe kilivyo cha kawaida. Mlishe, au mwachie njia. Hakuna sharti la kumpenda milele, wala la kuwa wewe ndiye wa mwisho kumpenda. Arikawa anaandika kana kwamba paka akipendwa na mwingine, penzi la kwanza limepungua, kwa hiyo anampa Satoru kifo ili asipunguziwe.

Isomeni riwaya hii, ni nzuri, na wekeni leso karibu. Ila mkifika mwisho, jiulizeni machozi ni ya nani. Yangu ya mara ya kwanza yalikuwa ya Satoru. Nana hakuyahitaji: alikuwa na nyumba, anakula.