Uyoga Huulizwa Mguu

Mvua za Machi zikishika kasi, na tena zile za Septemba, mafungu ya uyoga wa porini huonekana katika masoko ya Nakasero na Kalerwe na kando ya barabara zinazoingia Kampala. Mteja asiyejua hutazama kofia: ni nyeupe, ni pana, haina mdudu. Mjuzi huuliza mguu uko wapi. Muuzaji akiwa ameukata ili mali yake ipendeze, ameficha ushahidi, na hapo mimi hata bei siulizi.

Uyoga unaogombewa ni wa jamii ya Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa huulima ndani ya kichuguu, juu ya masega wanayoyajenga kwa mabaki ya mimea. Ardhi ikilowa, uyoga hupenya udongo mpaka juu. Ndiyo maana ule mkubwa una mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, na ukiufukua taratibu unakufikisha kwenye sega lenyewe. Juu, katikati ya kofia, huwa na ncha ngumu. Ndiyo iliyotoboa udongo. Nikiviona vyote viwili, ncha na mzizi, naendelea kuukagua.

Wa kuogopwa, kwa kuwa umezoea kuishi na watu, ni Chlorophyllum molybdites. Huota kwenye nyasi za nyumbani na za viwanjani, nao ni mkubwa, mweupe, wa kuvutia. Kofia ina magamba ya kahawia, shina lina pete, na chini shina limevimba bila mzizi wowote. Pete peke yake isikuhukumie jambo, kwani hata baadhi ya Termitomyces wanayo. Matamvua yake, zile kuta nyembamba chini ya kofia, hugeuka kijani kijivu, ila uzeeni tu. Ukiwa mchanga ni meupe kabisa. Anayeula hutapika na kuhara ndani ya saa chache.

Kwa hiyo kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bilauri, ukalale. Asubuhi utakuta vumbi la spora. Likiwa la kijani, tupa. Likiwa la waridi hafifu, linaafikiana na Termitomyces, lakini usisherehekee bado: Entoloma nao hutoa vumbi la waridi, na baadhi yao ni sumu. Hao matamvua yao kwa kawaida hushikana na shina, ilhali ya Termitomyces huishia karibu tu bila kuligusa. Likiwa jeupe, na chini ya shina kuna kifuko, huo ni Amanita. Wa jamii hiyo wenye sumu mbaya kuliko zote hukaa tumboni saa sita au zaidi kabla ya kuuma, na ini huwa limeshaanza kuharibika.

Kuna wanaopima kwa sarafu ya fedha sufuriani, au kwa kuangalia kama konokono ameula. Konokono si binadamu, na sarafu haijui lolote.

Kanuni yangu ya mguu hushindwa kwa uyoga mmoja mdogo, nao ndio mtamu kupita wote: obutiko obubaala kwa Kiganda, Termitomyces microcarpus. Kofia yake ni kama kifungo cha shati, na mzizi mrefu hauna, kwa sababu huota juu ya vipande vya masega ambavyo mchwa wameshavitoa nje. Huu hujulikana kwa wingi wake: mamia kwa mamia wametapakaa sehemu moja, kila mmoja na kincha chake. Ukiletewa wachache waliookotwa huku na huku, kataa. (Usiwaombe ushauri wa ladha Waganda wa ukoo wa Butiko, uyoga ndio mwiko wao, hawauli.)

Obubaala mkavu ni biashara nyingine. Rangi imekwenda, kincha kimejikunja, kwa hiyo hapo unanunua uaminifu wa muuzaji. Hata hivyo, uvunje: uliokauka sawasawa hukatika, unaopinda una maji bado na utashika ukungu. Unuse, usiwe na harufu ya gunia. Kisha sugua kiganjani, kwani mchanga ndio aibu ya uyoga huu. Uloweke, uoshe mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi, ndipo uutie kwenye mchuzi wa karanga.